Maiki ya Pili

Mwaka ule nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, Thamesmead, huku ughaibuni, kwenye fleti ya chumba kimoja. Nilitengeneza emuleta, yaani programu inayoigiza simu nzima ndani ya kompyuta, ili watu wajaribu app zao bila kununua simu. Mimi nilishughulikia vifaa vyake vya kuigiza: kamera, dira, betri, maiki. Wafanyakazi wenzangu niliwajua kwa maandishi tu. Zilipita hata siku nne sijafungua mdomo, ila kumwambia muuza duka asante.

Siku moja mteja akatuandikia. Alikuwa na app ya kuwasaidia watu waliopigwa na kiharusi kujifunza kusema upya, na kila akirekodi kwenye emuleta yetu, neno la kwanza lilimezwa. Kwa watu wale, alisema, neno la kwanza ndilo linalowatoa jasho. Nikapewa mimi.

Ili kuitafuta hitilafu ile ilinibidi niseme kwenye maiki. Nilianza kuhesabu kwa Kiingereza, nikajiona mjinga, nikahamia Kiswahili. Nilisoma kwa sauti maandishi ya nyuma ya pakiti ya mchele. Kisha nikajikuta naieleza maiki nimekula nini, na kwamba kwetu Morogoro, jua likiwaka hivi, mama angeshaanika mpunga. Kila nikisikiliza, mwanzo haupo. Siku ya tatu nikaona: maiki ya kuigiza ilikuwa inaiambia simu kwamba iko tayari kabla haijawa tayari. Nikaifanya isubiri kidogo. Mistari sita tu.

Alasiri ile mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa fleti ya jirani, Mkongo wa Bukavu, anayetunza wazee majumbani kwao. Tulikuwa tukisalimiana kwenye lifti, basi. Alishika bakuli la sombe, kisamvu cha kwao.

"Nilisikia uko unasema siku tatu," akasema. "Nikasema, dada iko na bageni."

Nikamwambia hakuna mgeni, ni kazi. Akatazama ndani, akaona meza na kiti kimoja. Alinipa bakuli akaondoka, na mimi nikabaki mlangoni na aibu ambayo sikujua ni ya nini.

Simu za siku hizi zina maiki zaidi ya moja, na yetu iliigiza moja tu, kwa hiyo nikaanza kuongeza ya pili. Kuijaribu kulihitaji sauti mbili kwa pamoja. Nilijizungusha siku mbili kabla ya kwenda kugonga kwake. Alikuja Jumamosi, na kiti chake mwenyewe. Nikamweka karibu na dirisha, nikamwambia aseme chochote, nami nitakuwa nahesabu upande wangu. Akacheka kidogo, akasema watoto wake yeye humjibu Kiingereza siku hizi. Halafu akainamia maiki.

"Mama, ni miye. Nilifika muzuri. Usihangaike tena."

Niliacha kuhesabu. Baadaye aliniambia mama yake alifariki yeye akiwa bado anasubiri makaratasi ya kuishi hapa, na kwamba mara ya mwisho walipozungumza simu ilikatika yeye hajamaliza kusema. Nikamchezea rekodi. Neno "Mama" lilikuwemo, zima. Akasikiliza mara mbili, kisha akaniomba niifute. Nikaifuta mbele yake, na jaribio langu likaenda nayo.

Kabla sijapata ujasiri wa kumwomba arekodi tena, alihamia Hounslow kwa binti yake. Tuliagana kwenye ngazi, kati ya maboksi. Nikarekodi jaribio upya peke yangu: sauti yangu niliyoirekodi ikitoka kwenye simu yangu ya mkononi, na mimi nikisema upande wa pili.

Mwenzangu aliyekagua kazi aliandika kwamba ni safi, ila akauliza mbona sauti zote mbili ni za mtu mmoja. Nikamjibu kwamba huyo ndiye aliyekuwepo. Akaipitisha. Nikafunga kompyuta, nikatoka kutembea kandokando ya ziwa lililo karibu na fleti mpaka baridi iliponirudisha ndani.