Jumapili Niliyomwigiza Papa Salumu

Mwanangu, umeniambia unataka kupanda jukwaani uchekeshe watu. Sikukatazi. Keti kwanza nikusimulie, maana siku ile bado ninaikumbuka vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, hapa hapa Kisangani, televisheni moja ya mjini ilipoanzisha kipindi cha vichekesho. Kilirushwa moja kwa moja kila Jumapili baada ya misa: mtu mmoja, maikrofoni moja, ukumbi umejaa. Kati ya wachekeshaji watano, mwanamke nilikuwa mimi peke yangu, na niliapa hakuna atakayenizidi.

Jumapili ya tatu nilimwigiza Papa Salumu, fundi cherehani wa mtaa wetu Kabondo, mzee tuliyemwita papa, yaani baba, kwa heshima. Alikuwa na kigugumizi. Nikasema, "Musimupelekee kitambaa. Unamwambia suruali ya miguu mbili, yeye anasema mbili-mbili, unavaa suruali ya miguu ine." Watu waliiwazia suruali hiyo ya miguu minne, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilirudi nyumbani nikijiona malkia.

Jumatano Papa Salumu akaja kwetu. Alikataa kiti. Alizungumza polepole, akisubiri kila neno likubali kutoka.

"Mutoto yangu, uniforme yako ya masomo ni mimi nilishona. Sasa wananiita Papa Miguu Ine. Wateja wanacheka kabla sijafungua kinywa. Sikuja kukutukana. Nilitaka tu uniangalie kwa macho."

Nilimjibu kwamba ni mchezo tu, papa. Akaondoka.

Kesho yake nilipita karibu na kibanda chake. Watoto waliotoka shule walikuwa wakiimba lile jina, naye ameinamia cherehani, hashoni. Hapo ndipo aibu iliponishika. Nikaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa kipindi, nikamwambia Jumapili nitaomba msamaha.

"Bon, hapa tunachekesha, hatuungami," akasema. "Ukisema ile, unatoka."

"Donc nitatoka, tonton," nikamjibu, maana sote tulimwita mjomba hivyo.

Nilisema, mwanangu. Nilimtaja Papa Salumu kwa jina lake, nikasema nilimkosea. Hakuna aliyecheka. Wengine walizomea. Sikuiachia maikrofoni mpaka nilipomaliza.

Nikafukuzwa. Baada ya Jumapili chache kipindi chenyewe kikafa, watu walikuwa wamekichoka. Lile jina halikufa. Papa Salumu alinisamehe, hata gauni langu la ndoa alilishona yeye, lakini miaka mingi baadaye, siku ya matanga yake, kijana mmoja alisimamisha pikipiki akaniuliza, "Mama, ni hapa kwa Papa Miguu Ine?" Nikamwonyesha mlango, nikasema, "Ni hapa kwa Papa Salumu."

Kuchekesha sikuacha. Nimechekesha kwenye harusi na kwenye kumbi za parokia, nikijicheka mwenyewe: uchoyo wangu, sauti yangu mbaya ya kuimba. Mume wangu pia nilimcheka, lakini nilimwomba ruhusa kwanza. Alikuwa anakataa mara nyingi, yule.

Kwa hiyo sikia. Kabla hujamtaja mtu, jiulize kama ungeweza kusema maneno hayo huku ameketi mstari wa mbele. Ukiona huwezi, yaache, hata kama ndiyo yanayochekesha kuliko yote. Na ukikosea, rekebisha pale pale ulipokosea, mbele ya walewale waliokusikia, hata wakikufukuza. Jukwaa lingine utalipata.

Sasa nenda, mwanangu. Mungu akupe maneno na ujasiri wa kuyasema, na kila atakayekusikiliza, hata yule uliyemtaja, arudi kwake akiwa na furaha.