Jioni Baba Alipokubali Kuketi

Kabla hajamwoa mama, baba yangu alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya ufukweni Dar es Salaam. Hoteli hiyo ilikuwa na boti nyeupe ya kuwatembeza wageni. Kila jioni iliwapakia na kuwapitisha polepole kandokando ya pwani, wao wakinywa vinywaji vilivyochanganywa rangi mbili tatu kwenye glasi moja, huku wakitazama jua likizama nyuma ya minazi. Baba ndiye aliyebeba sinia. Alivaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba na viatu vya raba, na kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba glasi ya mgeni haikauki.

Sisi watoto wake tulikulia Ifakara, mbali kabisa na bahari, lakini boti ile tuliijua kama tulivyolijua jiko la mama. Tulijua ni kiti kipi kilikuwa kimelegea. Tulimjua yule mgeni mnene aliyeogopa maji akawa anakunywa harakaharaka, na yule bibi wa Kizungu aliyeangusha kiatu baharini akacheka mpaka akalia. Baba alirudi nyumbani hoteli ilipobadili wenyewe na wafanyakazi wakapunguzwa. Akaoa, akalima mpunga, akaimba kwaya, akazeeka kama wanaume wengine wa mtaa wetu. Ila mikono yake ilibaki kulekule. Hakuweza kumpa mtu kikombe cha chai bila kwanza kukifuta kitako. Wakija watu, hata majirani waliokuja kuazima jembe, yeye ndiye aliyewaletea maji ya kunawa, taulo likiwa limekunjwa vizuri juu ya mkono wake wa kushoto. Mama alikuwa akimcheka.

"Mzee," alimwambia, "hapa hakuna wa kukupa bakshishi."

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji cha Kisawasawa, na mwisho wa juma narudi nyumbani. Nikaanza kuona mambo madogo. Baba alijigonga bega kwenye fremu ya mlango alioupita maisha yake yote. Alikanyaga kifaranga. Akimimina chai alikiona kikombe tu. Sahani ikiwa pembeni, kwake haikuwepo. Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akatueleza kwa upole kwamba ni presha ya macho. Alichokwisha kukipoteza pembeni hakitarudi, na dawa ya matone itapunguza tu mwendo wa ugonjwa. Baba alisikiliza, akamshukuru daktari, na tulipotoka akanishikia mlango mimi nipite kwanza.

Jioni ile tulikaa barazani. Mama alikuwa anapeta mchele. Nilitaka kumfariji baba na sikujua nianzie wapi, nikasema, "Angalau wewe umeona mengi, baba. Hata jua la baharini umeliona mpaka ukalichoka."

Akacheka kidogo. "Nani? Mimi?"

"Si ulikuwa kwenye boti kila jioni?"

"Nilikuwa kwenye boti, ndiyo. Lakini mhudumu anatazama wageni, mwanangu. Wao wamekaa wanaangalia jua, wewe umesimama mbele yao na sinia. Jua liko mgongoni kwako. Ukigeuka kulitazama, msimamizi anakuona." Akaongeza, "Nililijua kwa nyuso zao. Nyuso zikiwa za njano, bado kidogo. Zikiwa nyekundu, naandaa glasi za mwisho. Zikififia, nawasha taa."

Aliyasema hayo bila uchungu wowote, kama mtu anayeeleza ratiba ya kazi. Lakini nilisikia ungo wa mama umenyamaza.

Kesho yake, tukijiandaa kwenda misa, mama aliniita jikoni.

"Mwambie binamu yako tunaomba boti yake. Jumamosi ijayo, jioni."

"Ya kumtembeza baba?"

"Ya baba yako na mimi. Na wewe utakuja kushika vyombo."

Nilisimama pale kama niliyeambiwa kwamba paa la nyumba linahama. Mama yangu ni Mndamba, mtoto wa wavuvi. Alizaliwa kwenye kambi ya uvuvi, na alijua kusukuma mtumbwi kwa upondo kabla hajajua kusoma. Alikuwa na kaka yake waliyefuatana kuzaliwa. Siku moja, wakiwa bado msichana na mvulana, wawili hao walikuwa wakitoka kutega nyavu, na kiboko akainuka chini ya mtumbwi wao. Mama alifanikiwa kushika matete. Kaka yake alipatikana baadaye, upande wa chini wa mto. Mama mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Nilisimuliwa na mama mdogo. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mama hakupanda mtumbwi tena. Akienda kwa ndugu zake ng'ambo ya mto alivuka kwa pantoni, akasimama katikati kabisa, baina ya malori, kichwa kimeinama, mpaka asikie chuma kimegusa ukingo.

Binamu yangu, mtoto wa kaka yake mkubwa, alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Alikuwa na boti ya mbao yenye injini, ya kuleta samaki kutoka makambi ya juu. Nilipompa ujumbe alijikuna kichwa.

"Shangazi? Kwenye boti?"

"Ndivyo alivyosema."

"Shangazi huyuhuyu?"

Aliisugua boti ile kwa sabuni na majivu, akamalizia na malimau. Siku ya safari ilikuwa bado inanuka kambale, ila kambale aliyeoga.

Nilipofika Ijumaa jioni nilimkuta baba anapiga pasi shati jeupe, pasi ya mkaa, uso karibu kabisa na kitambaa ili aone mikunjo. Jumamosi mchana alitengeneza kinywaji mwenyewe. Alikamua nanasi, akachanganya na maji ya ukwaju, akatia tangawizi iliyopondwa, na kwa ajili yake mwenyewe na binamu akaweka kando chupa mbili za bia. Nilikwenda kwenye baa yenye friji nikaomba barafu, nikaibeba ndani ya chupa ya chai. Baba akalowesha midomo ya glasi kwa limau na kuizungusha kwenye sukari, polepole, kwa vidole vilivyokuwa vinajua njia bila kuongozwa na macho. Tulimkumbusha kwamba safari hii yeye ndiye mgeni. Akakubali kwa kichwa, kisha akaendelea kukata malimau.

Tulikwenda mtoni wakati jua limeanza kulegea. Ulikuwa mwezi wa nane, maji yameshuka, kingo ziko wazi. Watu waliokuwa wanasubiri pantoni walitutazama: mzee mwenye shati jeupe na sinia, mama aliyevaa kitenge chake cha Pasaka, mwalimu aliyekumbatia chupa ya chai. Mama alivua viatu, akafanya ishara ya msalaba, akamshika binamu mkono, akaingia. Akakaa chini kabisa, sakafuni, amebana ubao kwa mikono miwili. Injini ilipowaka alifumba macho.

Tuliupanda mto taratibu. Ndege aina ya keremkerem walikuwa wakiingia na kutoka kwenye vitundu vyao ukingoni, wengi mno. Kundi la sheshe, swala wa bondeni kwetu, lilitutazama kutoka majanini, likaona hatuna maana, likaendelea kula. Mbali kulikuwa na moshi wa nyasi zilizochomwa, na upande wa kulia milima ya Udzungwa ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Kisha baba akasimama. Alitandaza kitambaa juu ya sinia, akapanga glasi, akatia barafu, akamimina. Alijipanga mbele yetu, miguu imeachana kidogo, mgongo umenyooka, na nikaona kitu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona: baba yangu akiwa kijana. Jua lilikuwa nyuma yake.

"Karibu, mama," alisema, akainama.

Mama akafumbua macho. Akapokea glasi, akaigeuza, akaitazama.

"Hili limau nalila au nalitupa?"

"Linakaa tu hapo. Ni pambo."

"Limau zima liwe pambo!" Lakini akanywa. Barafu ikamgusa meno, akakunja uso, akanywa tena.

Baba alikuwa anamwangalia usoni kwa makini sana. Mama naye alikuwa anamwangalia. Uso wa mama ulikuwa umeanza kuwa wa njano, na nadhani wote wawili walijua kwa wakati mmoja baba alikuwa anafanya nini.

"Kaa," mama akasema.

"Bado hujamaliza. Kuna nyingine."

"Nimesema kaa, mzee. Geuka, ukae."

"Na sinia atashika nani?"

Hapo mama alisimama. Boti ikayumba, binamu akaita, "Shangazi!" na mimi nikashika ukingo kwa nguvu. Lakini yeye alikuwa amekwisha kutanua miguu na kulegeza magoti, na boti ikatulia chini yake kama mnyama aliyemtambua mwenyewe. Akamnyang'anya baba sinia. Akamwelekeza kwa kidevu mahali pa kukaa.

Baba alikaa vibaya. Sina neno lingine. Alikaa kwenye ncha ya ubao, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa ndani kwa daktari. Mama alimimina, akakifuta kitako cha glasi kwa pindo la kitenge chake cha Pasaka, akampa. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Alitaka kuinuka kushukuru, mama akamzuia kwa kumtazama tu. Ndipo akainua uso.

Jua lilikuwa limevimba ndani ya moshi, jekundu, unaweza kulitazama bila kukunja macho. Lilikuwa juu ya mto kabisa, na maji yote kutoka kwake mpaka kwetu yalikuwa yameshika rangi. Macho ya baba yalikuwa yamebakiza katikati tu. Milima hakuiona, wala ndege waliokuwa wanapita pembeni kwenda kulala. Lakini lile alilolijia lilikuwa palepale anapotazama.

Alisahau kunywa. Baada ya kitambo alisema, "Kumbe linakwenda haraka."

Kisha akasema, kwa mshangao wa kweli, "Na wale watu walikuwa wanaongea muda wote!"

Tulicheka, hata binamu. Mama hakucheka. Alikuwa bado amesimama, sinia mkononi, anatazama ukingo wa kushoto.

"Zima injini," akasema.

Binamu alisita, kisha akazima. Mto ukasikika. Mbali, upande tuliotoka, kiboko akakoroma, na mimi nikamtazama mama haraka. Hakuwa na habari naye. Alikuwa anatafuta kitu kwenye matete, macho yanakwenda mbele na kurudi.

"Haikuwa hivi," akasema. "Kulikuwa na kona hapa, na mti umeegama. Maji yalipita kule." Akaonyesha mahali palipokuwa na nyasi na shamba la mtu. "Mto umehama."

"Mto huu unahama kila masika, shangazi," binamu akamjibu kwa upole.

Mama alikaa karibu na baba. Alisema kwa sauti ndogo, "Nilidhani nitapaona." Baba akampa mkono, na kwa kuwa hakuwa anaona vizuri pembeni, mkono ule ulipapasa kwanza hewani, kisha begani, ndipo ukafika kwenye kiganja chake.

"Unataka turudi?" akamwuliza.

"Ngoja liishe."

Wakakaa hivyo mpaka likaisha. Mimi ndiye niliyezungusha sinia baada ya hapo, vibaya, nikimmwagia binamu bia kwenye suruali. Mama alisema sala fupi ambayo maneno yake sikuyasikia, akatumbukiza vidole majini, akavipitisha kwenye paji la uso. Tulirudi kabla giza halijashika, shati jeupe la baba likiwa na doa la nanasi kifuani, doa ambalo kwa siku nyingine yoyote lingemwaibisha.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba safari ile ilikuwa zawadi ya mama kwa baba. Ndivyo nilivyowasimulia ndugu zangu. Siku hizi sina uhakika. Nadhani kuna mambo mtu hawezi kuyafanya kwa ajili yake mwenyewe, hata ayatake vipi, mpaka apate mwingine wa kumfanyia. Mama asingekwenda kule kwa ajili ya kaka yake peke yake, wala kwa ajili ya hofu yake. Alihitaji mwanamume mwenye sinia, aliyesimama akiwa ameligeuzia jua mgongo, ndipo apate sababu ya kusimama ndani ya boti.

Macho ya baba yaliendelea kwenda. Mama alimtia matone asubuhi na jioni bila kukosa, na ugonjwa ukaendelea na mwendo wake, polepole kama daktari alivyosema. Baada ya mvua za El Niño baba alikuwa anatutambua kwa sauti tu. Hakuonekana mtu mwenye majuto. Aliacha kwaya kwa sababu ya ngazi za kanisa, akajifunza kusuka mikeka, akaisuka vibaya, akaipenda.

Kiangazi kilichofuata mama aliniomba nimsindikize kwa ndugu zake ng'ambo. Tulipofika kivukoni nilielekea kwenye foleni ya pantoni kama kawaida. Nilipogeuka hakuwepo. Alikuwa ukingoni chini, viatu mkononi, anazungumza na mwenye mtumbwi.

Tulivuka kwa mtumbwi. Mama alikaa mbele, mgongo umenyooka, na njia nzima alikuwa anamgombeza yule mwanamume.

"Upondo hausukumwi hivyo, baba. Unasukuma kama unakoroga uji. Egemea! Egemea, maji yakusaidie!"

Mwanamume alicheka, akatoa jasho, akaegemea.