Mtungi Uliooshwa Mara Saba

Harufu ya spiriti ndiyo iliyonirudisha Kitangari, kijijini nilikozaliwa. Wiki iliyopita nilimpeleka jike langu la mbwa kwa bwana mifugo, Masasi mjini, akafungwe kizazi. Nilimpeleka kwa gari langu mwenyewe, na hilo acha niliseme, maana mimi niliishia darasa la tano, na leo ukifika Chiungutwa ukaulizia mashine ya kukoboa, unaletwa kwangu moja kwa moja. Pale mlangoni kijana wa bodaboda akanipigia kelele: "Mzee, na mbwa naye anapanga uzazi?" Wenzake wakaangua kicheko. Nilifungua mdomo nimpashe, ile harufu ikanipanda puani, nikamvuta mbwa wangu ndani.

Utotoni tulikuwa na jike jekundu, jina lake Watachoka. Baba alimpa jina hilo makusudi, ili kila akimwita, majirani wapate ujumbe wao. Mbwa gani yule! Ngedere hawakuthubutu kukanyaga muhogo wetu, na nguruwe pori walilizunguka shamba la mikorosho kwa mbali. Nimeajiri walinzi wengi maishani, sijampata wa namna ile.

Kosa lake lilikuwa moja tu: alizaliwa jike. Akipandisha joto, madume ya kijiji kizima yalihamia kwetu. Siku moja yakapigana mpaka barazani, yakaangusha kifuniko cha mtungi, yakanywa. Wewe uliyezoea bomba huwezi kuelewa. Maji yale Mama aliyafuata bondeni, ameondoka alfajiri, akapanda mlima ule na ndoo kichwani na mimba ya saba tumboni. Na sisi ni Waislamu. Chombo kikilambwa na mbwa kinaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Maji ya kuoshea yatoke wapi? Bondeni kulekule! Basi Mama akamwaga yaliyobaki, akarudi bondeni, akapanda tena, akapiga magoti kuosha.

Ndipo akafika bwana mifugo wa Newala na baiskeli yake, anachanja mbwa dhidi ya kichaa. Alipofungua mkoba wake, spiriti ikanuka baraza zima. Akamsikiliza Baba akilalamika, kisha akasema, "Baba Hamisi, mlete Newala nimfunge kizazi. Hayo madume hutayaona tena."

"Umfunge?" Baba akang'aka. "Jike lisilozaa ni zoba tu. Ngedere watamkalia kichwani!"

Wazee waliokuwa wameketi pale, wenye madume yaleyale yaliyokunywa maji yetu, wakamuunga mkono. Mmoja akasema, "Jike lenu ndilo linaloita. Mbwa wetu wana kosa gani?" Mpaka leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Madume yalirudi makwao kula ugali, hakuna aliyeyarushia hata jiwe. Hukumu ikabaki kwetu, kwa jike.

Mama alikuwa ameingiza mkono mtungini, anaosha mara ya tano. Hakuinua kichwa. Akasema, "Bwana mifugo, na mimi utanifunga?"

Wazee walicheka mpaka wakapigana mabega. Baba alicheka, akafuta machozi. Nami nilicheka, mdomo wazi, kwa sababu wanaume walikuwa wanacheka. Bwana mifugo peke yake hakucheka. Alifunga mkoba wake taratibu akaaga.

Watachoka akazaa watano. Baba akanipa kapu: kawatupe kule uwanda unapokatika, mteremko wa kwenda Ruvuma unapoanza. Nikawatupa. Jioni nikamwona Watachoka anarudi na mtoto mmoja mdomoni, akamlaza chini ya ghala, akageuka kumfuata mwingine. Alikwenda na kurudi mara tano, mbavu zimemtoka. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa na haki ya kumchukia, akamimina maji kwenye kifuu akamwekea. Maji ya bondeni yale! Baba akapiga kelele. Mama akaendelea kumimina.

Kesho yake nikabebeshwa kapu tena, na safari hii nikaambiwa nishuke mbali zaidi. Watachoka alinifuata nyuma hatua kwa hatua. Hakupanda tena kurudi nyumbani. Siku ya tatu niliteremka, nikamkuta amelala ubavu, wale watano wananyonya mbwa aliyekwishakufa. Nilikimbia. Sikumwambia mtu, na sikuwabeba wale watoto. Hilo nalo naliandika, maana sijisifu kwa kila kitu.

Mama aliendelea kuzaa mpaka tukafika tisa, na ndoo haikushuka kichwani.

Jike langu sasa amelala barazani, mshono umekauka. Jana dume la jirani lilipita getini, likanusa, likaenda zake. Nilimtazama nikapandwa na hasira upya, si kwa mbwa. Nimejenga nyumba ya vigae, nimechimba tangi la maji ya mvua la kutosha ukoo mzima, na Mama hakuishi kuliona. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwasimulia watu ule utani wake, nao wanacheka.

Mama hakuwa anatania. Alikuwa ameuliza swali, na barazani pale hakuna mwanaume aliyemjibu.