Kamba ya Mbuzi Kiunoni

Nyumbani kwetu Isiolo hakuna asiyejua kukadiria mnyama. Baba ni mfanyabiashara wa mifugo. Humpapasa mbuzi mgongoni, hutaja kilo, na mizani ya buchari humkubalia. Mdogo wangu wa kike amemrithi jicho hilo. Mnunuzi akija uani, Baba humwita yeye kwanza.

Niliporudi kutoka chuo kikuu Nairobi nilimkuta analala mchana kutwa. Chini ya mto wake nikaona vidonge ndani ya karatasi isiyo na jina.

"Vya nini hivi?"

"Vya kunenepa. Harusi ni baada ya Idi, na shangazi wa bwana harusi amesema nimekauka kama mbuzi wa kiangazi."

"Daktari gani amekupa?"

"Dada, wewe na maswali yako! Nimevinunua duka la vipodozi. Kila bibi harusi anavimeza."

Kila bibi harusi? Nani aliwauliza wote? Lakini kubishana hakungesaidia. Wiki hiyo hiyo alisinzia kando ya jiko, ncha ya shali yake ikashika moto. Mama aliuzima kwa maji ya chai. Niliapa vidonge hivyo havitafika Idi.

Nikakumbuka zoezi moja la darasa la saikolojia. Mhadhiri alitugawia kamba, kila mmoja ailaze sakafuni kwa duara analoamini litatosha kiuno chake, kisha ajipime. Wengi walikosea. Mimi nilikataa hata kujaribu. Nilidai wanafunzi wanaoshinda mbele ya vioo na simu hawawezi kutuambia lolote kuhusu watu wengine. Sasa nilitaka kuona. Nikaenda uani na kufungua kamba ya mbuzi.

"Kifua cha huyu beberu," nikamwambia mdogo wangu. Alilaza duara hata bila kuinuka kwenye kigoda. Tukamvika beberu, likamkaa sawasawa.

"Haya, kiuno chako."

Alicheka, akalaza lingine. Nilipomzungushia, ncha hazikukutana. Lilibaki pengo la kiganja kizima.

"Umeikunja," akalalamika.

"Jifunge mwenyewe."

Akajifunga mwenyewe. Akavuta, akavuta tena, pengo likabaki lile lile.

Nilipoanza kumhubiria, alinikatiza. "Na wewe. Laza."

Nililaza. Duara langu lilinipwaya hadi akapitisha mkono mzima kati ya kamba na tumbo langu.

"Walahi, dada, humu tunaingia mimi, wewe na beberu!" Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanitazama vizuri. "Kumbe ndiyo maana huli usiku? Mama anafikiri umezoea chakula cha Nairobi."

Nilikuwa nimejiambia ni afya. Mimi ninayehoji kila kitu, hilo sikuwa nimelihoji.

Nilimwambia ukweli: kamba moja haithibitishi kitu, pengine tumebahatisha tu.

"Basi tuthibitishe," akasema. "Mimi naacha vidonge, wewe unakula. Ukiruka chakula namwambia Mama. Nikimeza, mwambie Baba."

Akavitumbukiza chooni nikiangalia.

Haikuwa rahisi. Kila jioni nilikaa mbele ya sinia nikiona mlima wa wali, naye alinikazia macho mpaka nimalize upande wangu. Mchana nilimkuta mara kwa mara mbele ya kioo, akivuta ngozi ya shavu. Nikimwona hivyo, nilimrushia kamba. Aliikamata na kurudi kwa mbuzi wake. Usingizi ule wa mchana uliisha.

Karibu na Idi, shangazi wa bwana harusi alikuja tena. Baada ya salamu alimshika mdogo wangu mkono, juu ya kiwiko, akaminya.

"Bado hujaongezeka, mama."

"Shangazi," mdogo wangu akajibu kwa tabasamu, bila kuuondoa mkono, "kama unanipima, muulize Baba. Atakuambia kilo zangu, na kwamba siuzwi."

Baba alikohoa ndani ya kikombe chake, nasi tukacheka. Shangazi aliangalia huku na huku, kisha akacheka kuliko sisi sote, akaachilia mkono.

Sinia likaletwa. Mdogo wangu alinisogezea nyama, akaniinulia nyusi. Nikanawa, nikala.