Pipa la Posa ya Japhet

Mwalimu Mwajabu wa biolojia alitoka Tanga kuja kufundisha hapa Makere, na kichwa chake ni kigumu, jamani! Namjua vizuri mimi Yusta, mpika urwarwa, pombe yetu ya ndizi.

Wanafunzi walimcheka. Aliwaambia viumbe vya kwanza duniani viliishi kabla hewa hii tunayovuta haijakuwepo, vikapata nguvu kwa kuvunjavunja chakula tu. "Aa, Mwalimu, unatupiga fiksi!" Akaapa wataona kwa macho yao. Akaja kwangu.

"Mama Japhet, njia ile ya kale bado ipo kwenye pipa lako. Vijidudu vya pombe vinakula sukari bila hewa. Niruhusu wanafunzi waje waone."

Nikakubali, mjinga mimi. Pipa lenyewe lilikuwa la posa ya Japhet wangu. Kwetu baba wa binti ndiye anayeonja kwanza kwa mrija. Akitema, anaondoka, na binti humpati. Nikasema wachungulie mara moja. Yeye akawaleta siku tatu mfululizo nikiwa shambani, kila darasa likafunua majani ya mgomba kutazama mapovu. Alhamisi asubuhi naonja: siki tupu! Nilimtukana, sifichi. Wageni walikuwa wanakuja Jumamosi.

Akainama, akanusa. "Kosa langu. Hewa imeingiza wale vijidudu wanaoipenda. Hao walikuja duniani baadaye, wanakula masazo ya wenzao na kuyageuza siki."

"Sasa baba wa binti, Leonidasi, nimnyweshe maelezo?"

Akapita nyumba kwa nyumba kuomba ndizi mbivu, akakunja mikono ya gauni, akazikanda kwa nyasi kukamua juisi mpaka vidole vikachubuka. "Juisi si haramu," akasema. "Itakachogeuka kuwa ni shauri lenu." Akaosha pipa, akalijaza upya, akalifunika na kuliwekea mawe. Ijumaa roho yangu ilikuwa juu, nataka kuchungulia kidogo tu. Akanizuia mlangoni.

"Hufunui, mama!"

Nikarudi nyuma, nyumbani kwangu mwenyewe.

Jumamosi Leonidasi akatia mrija, akavuta. Mwajabu kaacha soda yake, kanishika mkono, wote wawili hatuvuti pumzi. Leonidasi akavuta tena, kwa muda mrefu.

"Leteni mrija mwingine," akasema. "Mama wa binti naye anywe."

Nililia mbele za watu, na mwalimu wangu mbishi akalia pamoja nami.