Rangi Iliyomkataa Mama

Juma lililopita nilikuwa Iyunga kwa mjukuu wangu, nimejikalia zangu kitandani, rafiki yake akaingia na rundo la vitambaa vya kichwa. Ni msichana mcheshi, kazi yake kuremba maharusi. Akanishika kidevu, akanigeuzia dirishani, akaanza kunipachika vitambaa shingoni kimoja kimoja. "Bibi, tulia kwanza, tunatafuta rangi yako." Mwenzangu, nilisikia kichefuchefu cha kweli. Mate yalinijaa mdomoni, nikamsukuma mkono. Mjukuu akadhani ni presha. Haikuwa presha. Ilikuwa Shangazi.

Ngoja nikueleze. Miaka ya hamsini tuliishi nje kidogo ya mji wa Iringa, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyozungukwa na miti ya miwati. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni. Tulikula viazi vya kuchemsha na maharage, na tukitumwa kuni tulibandua ulimbo kwenye miwati tukautafuna hadi meno yashikane. Ulikuwa utoto mtamu, sikudanganyi, mpaka dada yake Baba alipohamia kwetu.

Shangazi alikuwa ameacha kazi ya uyaya kwa mama mmoja wa Kizungu. Yule mama alikuwa na desturi ya kusimama mbele ya kioo akipima vitambaa, kipi kinakwenda na macho yake ya buluu, kipi na nywele zake. Shangazi, aliyekuwa akimshikia kioo, akaona hiyo ndiyo elimu. Akatuletea nyumbani, kwenye nyumba isiyokuwa na macho ya buluu hata ya paka.

Alikuburuta mlangoni penye mwanga, akakushika kidevu kwa kidole gumba kilichojaa ugoro, akakuwekea kitambaa chini ya taya, akakunja pua. "Hii imekukubali." Au, "Hii imekukataa." Yeye mwenyewe alikuwa maji ya kunde, na ajabu ni kwamba rangi zote zilimkubali. Mdogo wangu, aliyezaliwa mweupe, alipewa nyekundu na samawati. Mimi mweusi nikapewa hudhurungi ya maisha. "Mweusi hapigi kelele na nguo," alisema, "atakuwa nzi kwenye maziwa." Unamwambia hivyo mtoto ambaye bado anang'oka meno! Harufu ya ule ugoro ninayo puani hadi leo. Shangazi sijamsamehe, wala sina haraka.

Mama alikuwa mweusi kunipita mimi. Kwao kulikuwa milimani, juu ya Mbeya, na mwaka huo mdogo wake alikuwa anaolewa. Mama ndiye dada mkubwa, kwa hiyo ndiye aliyetakiwa kumtoa bibi harusi nje na kucheza mbele yake, watu wote wakimtazama. Akauza maharage yake, akaenda sokoni peke yake bila kuuliza mtu, akarudi na kitambaa cha manjano, manjano ya ua la boga. Alijifunga palepale jikoni, akajigeuza, akatuuliza, "Eti, nimependeza?" Tukapiga vigelegele. Alikuwa amependeza, bwana! Hata leo sijaona aliyependeza vile.

Shangazi akaingia. Safari hii hakuhangaika hata kushika kidevu. "Wifi, hiyo imekukataa. Utamwaibisha kaka yangu ugenini." Mama alimtazama Baba. Baba alikuwa anamenya kiazi. "Msikilize wifi yako," akasema, "yeye ameishi na watu." Akaendelea kumenya.

Basi kitambaa kikapikwa. Magome ya miwati yalichemshwa tangu asubuhi, yakatoa povu zito. Magome peke yake hutoa hudhurungi, na Shangazi akaamua kwamba kwa Mama hata hudhurungi ni kelele, akaagiza tope jeusi la bondeni, lile linalokanyagwa na ng'ombe. Likamwagwa humohumo. Ile harufu sina cha kuilinganisha nacho, labda ngozi mbichi iliyosahauliwa chooni. Mama mwenyewe ndiye aliyekoroga. Manjano yakazama, yakaibuka kijani kibovu, yakazama tena, na hayakuibuka. Jioni alitusongea ugali huku weusi umemwingia kwenye kucha. Nilikataa kula, nikachapwa. Walidhani namwonea kinyaa Mama, kumbe kinyaa changu kilikuwa kwa wale wawili waliokuwa wakimega matonge kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tukapanda basi la Mbeya, Mama na mimi. Bibi alikuwa uani na wanawake wenzake wakimenya ndizi za harusi, akamwona binti yake anapanda kilima na kitambaa cheusi kichwani. Kwao mwanamke haji harusini hivyo. Anayekuja hivyo analeta msiba. Bibi akaangusha kisu, akajishika kichwa. "Mkwe wangu! Mkwe wangu amekufa!" Uwanja mzima ukalipuka kwa vilio. Bibi harusi akatoka mbio, amepakwa mafuta nusu mwili, akajitupa chini. Mama akawa anapaza sauti, "Mzima! Ni mzima jamani, nimemwacha anakula viazi!" Nani wa kumsikia?

Walipotulia, Bibi alikivuta kile kitambaa, akakinusa. "Kimepatwa na nini hiki?"

"Kimechujuka tu, Mama."

"Mwanangu, nguo huchujuka ikawa nyeupe. Haichujuki ikawa nyeusi."

Mama akainama. Jina la Shangazi hakulitaja, maana mke haaniki ya kwake ugenini. Bibi alitaka kumpa kitambaa kingine, lakini wazee wakakataa. Kilio kimekwisha kuingia harusini, walisema, na aliyekileta akae jikoni. Binamu yake ndiye aliyemtoa bibi harusi. Mama aliisikiliza ngoma huku anapuliza moto, na nilimwona bega likimtikisika kidogo kidogo kufuata mdundo, mpaka alipojishtukia akaacha.

Siku hizi ile miwati imekatwa na nyumba yetu imerudi kuwa udongo. Hivyo sivililii. Shangazi naye alikufa kabla sijaanza kazi, na sikulia. Mshahara wangu wa kwanza nilimnunulia Mama kitambaa cha manjano. Alikipokea kwa mikono miwili, akakisifu, akakinyoosha mapajani. Nikamwambia ajifunge nimwone.

Akacheka. "Mpe mdogo wako, yeye ndiye mweupe. Mimi rangi hii inanikataa."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayesema chai imeiva. Angelia ningejua la kufanya. Nilimtazama usoni, nikimtafuta yule mwanamke aliyekwenda sokoni bila kuuliza mtu, na hakuwemo.