Kikombe Nilichokipindua Hallunda

Siku ile bado naiona, mwanangu, ingawa wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa kijana mgeni hapa Stockholm, nalala sakafuni kwa Mkongo mmoja mtaa wa Rinkeby, na mwisho wa mwezi ilikuwa lazima nitoke. Tenzin, Mtibeti niliyesafisha naye ofisi, akaniambia mama yake ana chumba cha kupangisha mtaa wa Hallunda. "Ila atataka kukuona kwanza."

Tukaenda na Tenzin, nami nimejipamba kama bwana harusi. Mama akanikaribisha, akanimiminia chai ya siagi na chumvi. Ndiyo, chumvi. Kwetu mgeni mwema humaliza alichopewa, basi nikafumba macho nikaimeza yote. Akajaza. Nikamaliza. Akajaza tena! Kikombe cha nne kilipoisha, nikafanya kama alivyofanya marehemu babu akitosheka: nikakipindua mezani, nikatabasamu.

Mama akakitazama kile kikombe. Akainuka, akaenda jikoni.

"We, umefanya nini?" Tenzin akaninong'oneza. "Kwetu kikombe kinachopinduliwa ni cha mtu aliyekufa. Na baba hata mwaka hajamaliza tangu atuache."

Nilitamani kukimbilia treni, mwanangu. Chumba nilikiona kimeshaponyoka. Lakini aibu ya kukimbia ni kubwa kuliko ya kukosea, basi nikamfuata jikoni.

"Mama, nisamehe. Sikujua," nikasema kwa Kiswidi changu cha kuokoteza.

Akafuta macho, akanitazama sana. Kisha akacheka kidogo. "Nami nikadhani unaipenda chai yangu, kumbe unapigana nayo! Kikombe kitupu kinaniomba nijaze. Ukitosheka, kiache kimejaa, ukinywe wakati wa kuaga. Mbona hukuuliza?"

Tukarudi mezani. Akamimina, nikaonja, nikakiacha. Tukazungumza saa nzima, naye akinieleza habari za mumewe. Nilipoaga nikanywa, akanivika shingoni kitambaa cheupe cha heshima. "Jumamosi lete mizigo yako," akasema. Nilikaa kwake miaka mitatu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Adabu ya kwenu ni nzuri, ishike. Lakini ukiingia nyumba ya watu, tazama kwanza wenyeji wanavyofanya. Na ukimuumiza mtu bila kujua, usitafute mlango wa kutokea. Mfuate alipo, umwambie.

Mungu akukutanishe na wenyeji wenye subira, mwanangu, tena akujalie moyo wa kusema "sikujua" mapema, kabla kosa halijawa ukuta.